Binti kaambiwa akalazwe kituoni sababu ya kutokula: namna ya kulipitia hili jambo ukiwa mzazi huku Marekani

Kama unasoma hii basi kuna dokta keshakukalisha kwenye kile kichumba chenye boksi la tishu, akakwambia binti yako anahitaji "residensho", we ukaitikia kwa kichwa kama umeelewa, halafu ukaenda kukaa kwenye gari pakingi dakika arobaini hujui umpigie nani. Mi nilikaa hivyohivyo. Niko Minnesota, kwetu Tanga, binti yangu alikuwa na miaka 15, na haya mambo nilikuwa sijawahi kuyasikia kwa Kiswahili hata siku moja, ndo maana nayaandika. Mimi si dokta, ni mama tu niliyepita humo, kwa hiyo chochote cha mwili muulize dokta wake.

Residensho ni nini hasa. Ni kituo, mara nyingi nyumba ya kawaida tu yenye vitanda vichache, binti analala hukohuko wiki kadhaa au miezi, kuna watu macho usiku na mchana, kuna nesi, mtaalamu wa lishe, tharapisti, daktari wa akili, na darasa dogo ili shule isimpite. Juu yake kuna wodi ya hospitali. Chini yake kuna programu ya kushinda kutwa, anakula huko jioni anarudi kulala kwenu, chini tena kuna ya masaa machache siku kadhaa kwa wiki, halafu ndo kliniki ya kawaida. Ni ngazi, watu wanapanda na kushuka, na kushuka siyo kupona, wala kupanda tena siyo kwamba umeshindwa. Na si kitu cha zamani, kituo cha kwanza cha namna hii Marekani ni Renfrew cha Philadelphia, kilifunguliwa 1985, kabla ya hapo walikuwa wanalazwa hospitali za kawaida au wodi za akili, basi usishangae mama yako huko nyumbani haelewi unachomweleza, hata huku wenyewe hawana nacho miaka mingi.

Sasa kabla ya hatua yoyote inabidi utoe kichwani hili la "huo ugonjwa wa wazungu", maana mi lilinicheleweshea miezi mitano. Sikuona mimi, aliona msusi. Nilimpeleka kusuka kama kawaida, yule dada akamgawa nywele mistari miwili, akaacha, akaniita nje kama anataka chenji, akanifungulia kiganja, kimejaa nywele. "Dada, huyu mtoto simsuki. Mpeleke hospitali." Nikarudi nyumbani nimenuna, nikamnunulia mafuta ya nywele! Na ilikuwa baada ya Ramadhani ambayo binti alifunga zote, akaunganisha na sita za Shawwal, akaendelea na Jumatatu na Alhamisi, na mimi nikawa namsifu msikitini mbele ya wenzangu, kumbe ule ugonjwa umepata kanzu ya kuvaa. Kwa wenzetu Wakristo ni mfungo wa Kwaresma au maombi ya kufunga, mchezo ni uleule.

Na kama unadhani kwetu mwili mnene ni sifa kwa hiyo mabinti zetu wamepona, soma habari ya Fiji. Huko nako mtu kunenepa alikuwa anasifiwa, televisheni ikafika jimbo la Nadroga mwaka 1995, mtafiti Anne Becker akawauliza wasichana wa shule mwaka huo, hakukuta hata mmoja anayejitapisha ili apungue, akarudi 1998 akakuta asilimia 11.3. Miaka mitatu tu, na ilikuwa televisheni, siyo simu ya mkononi inayolala naye kitandani.

Halafu jambo lingine, si lazima awe amekonda kama ng'onda. Kuna mabinti walikuwa wanene, wakapungua haraka, kila mtu anawapongeza, moyo unapiga polepole kama wa mgonjwa aliyebaki mifupa. Kuna anayekula na kutapika, uzito haubadiliki, vifundo vya vidole vina makovu na mashavu yamevimba chini ya masikio. Kuna anayekula kwa fujo usiku peke yake halafu analia. Kuna wengine hawana habari na unene kabisa, wanaogopa tu vyakula, waogope kupaliwa, waogope ladha, hiyo nayo ina jina lake tangu 2013, wanaiita ARFID. Vituo vingine vinapokea aina zote, vingine haviwezi hiyo ya mwisho, uliza.

Mwili kwanza, kituo baadaye

Usikimbilie kutafuta kituo kabla hajapimwa, maana kituo siyo hospitali na kizuri chenyewe kitakataa kumpokea kama moyo haujatulia. Omba apimwe presha na mapigo akiwa amelala halafu akiwa amesimama, apimwe moyo kwa ile mashine ya nyaya, na damu waangalie potasiamu, fosfeti na magnesiamu. Miongozo ya madaktari wa vijana inasema mapigo chini ya 50 kwa dakika mchana au chini ya 45 usiku, presha chini ya 90/45, joto la mwili chini ya 35.6, au kazimia, au kakataa kabisa kula na kunywa, huyo ni wa kulazwa hospitali, usisubiri apointimenti ya wiki ijayo. Na ujue damu inaweza kutoka safi kabisa na mtoto bado yuko hatarini, mi niliambiwa vipimo vizuri nikarudi nyumbani nashangilia, siku tisa baadaye tuko emajensi.

Na kama hajala vizuri muda mrefu usianze kumshindilia chakula nyumbani kwa hasira au kwa huruma, nilifanya hilo kwa uji wa lishe niliotumiwa kutoka Tanga. Mwili uliozoea njaa ukipewa chakula kingi ghafla zile chumvi za damu zinashuka, fosfeti hasa, na moyo unaweza kusimama. Hospitali wanapandisha chakula huku wanapima damu. Dokta ndo aseme anaanza vipi, wapi na kwa kasi gani.

Halafu uliza swali hili bila aibu: je, anahitaji kweli kulazwa, au tunaweza kumtibu nyumbani? Kuna tiba ya familia iliyoanzia hospitali ya Maudsley, London, miaka ya 80, wazazi wanashika chakula chote mikononi, anakula nini, saa ngapi, nani kakaa naye, mpaka mwili urudi, halafu wanamrudishia usukani kidogokidogo. Kwa binti mdogo ambaye hajaumwa muda mrefu mara nyingi hiyo ndo ya kuanza nayo. Sisi tulijaribu wiki sita. Tatizo mi nilikuwa nafanya shifti za usiku kwenye nyumba ya wazee, baba yake anaendesha lori, na mezani anabaki yeye na mdogo wake wa miaka tisa anayeambiwa "usimwambie mama". Kama milo haina msimamizi, au anatapika kila ukigeuka, au anataka kujidhuru, au mmejaribu na hasogei, hapo ndo residensho ina kazi.

Bima, jamani bima

Hapa chukua daftari. Siyo simu, daftari. Kila ukipiga andika tarehe, saa, jina la uliyeongea naye na namba ya rejea ya simu hiyo, manake wiki mbili baadaye mtu atakwambia hakuna rekodi na wewe unamsomea.

Piga namba ya nyuma ya kadi, omba upande wa afya ya akili, uliza: bima yangu inalipia residensho ya matatizo ya kula kwa mtoto? vituo gani viko kwenye mtandao wenu, yaani vyenye mkataba na nyie? mimi nitalipa kiasi gani na kikomo cha mwaka ni ngapi? nani anaomba kibali, mimi au kituo? Kama hakuna kituo cha mabinti kwenye mtandao wao chenye nafasi, uliza kama watakubali mkataba wa mgonjwa mmoja na kituo cha nje, hilo lipo ila hawakwambii usipouliza. Bila bima siku moja inaweza kupita dola 1,000, kwa hiyo usisaini fomu ya "nitalipa mwenyewe" kwa kuogopa kupoteza kitanda kabla hujajua kibali kimefikia wapi.

Wakikataa, na kuna uwezekano mkubwa watakataa mara moja, usilie, yaani lia halafu endelea. Kwanza dokta wake aombe kuongea na dokta wa bima, dokta kwa dokta, hapo kesi nyingi zinageuka maana yule wa bima alikuwa anasoma karatasi tu. Pili rufaa ya ndani, una siku 180, lakini we sema ni ya dharura, ya dharura wanatakiwa wajibu ndani ya masaa 72. Tatu wakikataa tena unaenda kwa mkaguzi wa nje asiye mtu wao, una miezi minne tangu barua ya mwisho, na akisema walipe wanalipa. Omba barua ya kukataa iandike sababu na kigezo walichotumia, halafu dokta ajibu kigezo hichohicho.

Sheria iko upande wako zaidi ya unavyodhani. Ya 2008 inasema bima ikitoa huduma za akili isizibane kuliko za mwili. Ya 2016 ikaweka wazi kwamba usawa huo unaihusu na residensho ya matatizo ya kula, na kipande hicho kilitokana na Anna Westin, msichana wa hapahapa Minnesota aliyefariki mwaka 2000 ana miaka 21, mama yake Kitty akaenda Washington miaka na miaka mpaka kikapita. Mi nikiwa nimeshikilia simu nasikiliza ule muziki wao namkumbuka huyo mama.

Kama mna Medicaid, ile bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, huku Minnesota tunaiita Medical Assistance, kuna kipengele cha watoto chini ya miaka 21 kinaitwa EPSDT, jimbo linatakiwa kulipia tiba ya lazima kiafya. Ila si kila kituo kinapokea Medicaid, kwa hiyo ndo swali la kwanza kabla hujajipa moyo na picha za bustani.

Na kibali kikitoka siyo cha safari nzima. Wanaidhinisha siku chache, wanauliza upya, wanaidhinisha tena. Siku moja watasema uzito umepanda, ashuke ngazi. Muulize tharapisti mapema watajibu nini, kituo kizuri kina mtu kazi yake ni hiyo tu.

Kazini: kama umefanya mwaka mzima na masaa 1,250, na mwajiri ana wafanyakazi 50 au zaidi, sheria ya 1993 inakupa wiki 12 za kuuguza mtoto bila kufukuzwa, mshahara hakuna lakini kazi ipo. Unaweza kuzikata vipandevipande. Usizimalize zote akiwa kituoni!! Huko kuna watu wa kumwangalia. Weka akiba kubwa kwa siku anayorudi, nitakwambia kwa nini.

Kuchagua kituo

Tovuti zao zote zina farasi na machweo, usiangalie picha. Uliza: mnapokea umri gani, je, binti wa 14 atalala chumba kimoja na mtu wa 30? Mna kibali cha jimbo na ithibati ya Joint Commission au CARF, yale mashirika ya kukagua vituo? Nesi yupo usiku? Dokta anamwona mara ngapi kwa wiki? Akikataa kula mnafanya nini, hatua kwa hatua? Tharapi ya familia ni mara ngapi na inaweza kuwa kwa video? Akitoka hapa anaenda wapi, mna programu ya mchana au mnatuachia? Na hili la akikataa kula sikiliza jibu vizuri. Jibu zuri lina utulivu ndani yake, tunakaa naye, tunampa cha kunywa chenye lishe badala yake, ikishindikana tunaongea na dokta. Ukisikia maneno ya adhabu, ya kumnyang'anya simu ya kumpigia mama yake kama fimbo, weka chini simu utafute kwingine. Kambi za "vijana watukutu" za porini na za nidhamu siyo tiba ya hii kitu hata wakisema wanaiweza.

Halafu maswali yetu sisi: nyama halali mnapata wapi, anaweza kusali, anayempima ni mwanamke, hijabu inaruhusiwa maana wanaondoa vitu vya kamba, nywele zake nani anajua kuzishughulikia. Usione aibu. Mi nilijibiwa "tunaheshimu tamaduni zote" na siku ya kwanza mtoto akapewa jelatini ya nguruwe akaambiwa hiyo ni hofu ya chakula inabidi aishinde. Ikabidi nipige simu tatu. Dini ni dini, ila na wewe kuwa mkweli, kama alikuwa anakula kuku mwaka jana halafu leo anasema kuku wote ni haramu, hapo siyo dini inayoongea. Kuhusu kufunga nilimfuata imamu wetu, nikamweleza yote, akasoma aya ya 184 na 185 za Al-Baqara za mgonjwa, akampigia binti mwenyewe akamwambia mwaka huu ibada yako ni kula. Fanya hilo kabla hajaenda, asikie kwa mtu anayemheshimu.

Na mkalimani ni haki yako, bure, hospitali au kituo kinachopokea hela ya serikali lazima kikupe. Hata kama Kiingereza chako kinatosha kazini, siku ya kuongea mambo ya mwanao omba wa Kiswahili. Usikubali binti mwenyewe akutafsirie. Wangu alinitafsiria mwezi mzima pale kliniki ya mwanzo, dokta anasema maneno kumi naambiwa matatu.

Siku ya kumpeleka

Usimdanganye. Najua kuna mtu atakushauri umwambie mnaenda kumtembelea mama mkubwa. Mwambie siku mbili kabla, muda mfupi, bila mjadala: mwili wako unaumwa, hapa nyumbani tumejaribu haijatosha, unaenda, nitakuja kila wakiruhusu. Atalia, atakutukana, ataahidi.

Begi litafunguliwa na kila kitu kutazamwa. Kamba za hudi na suruali wanatoa, chaja ndefu, marashi ya spiriti, dawa ya kusukutua mdomo, bigijii, kahawa, wembe, dawa yoyote. Simu mara nyingi inabaki ofisini. Pakia nguo za kumbana kidogo na zinazomlegea kidogo maana mwili utabadilika, usipakie ile suruali anayojipimia. Sweta na soksi nzito hata kama ni Julai, hawa watoto baridi wanayo mifupani. Msala, mafuta ya nywele, boneti, na nywele ziwe zimefungwa kilegelege, siyo rasta za kuvuta. Mi niliweka kanga yangu niliyokwisha kuivaa, haijafuliwa. Nesi aliinusa akacheka akairudisha kwenye begi.

Ndani huko

Milo mitatu na vitafunio viwili au vitatu, kila siku, kwa saa. Mlo kama nusu saa, kuna mfanyakazi anakula nao mezani, hakuna kuongea mambo ya uzito wala vyakula, wanacheza michezo ya maneno ili akili itoke kwenye sahani. Asipomaliza anapewa kinywaji cha lishe kama Ensure. Baada ya kula choo kinafungwa kwa muda, na mwanzoni hata akienda chooni mtu yuko mlangoni naye anahesabu au anaimba kwa sauti. Wangu aliimba kaswida. Asubuhi wanapimwa wamevaa gauni la hospitali, wamegeuzia mizani mgongo, namba hawaioni, na wewe usimtajie hata kama unaijua. Kuna mbinu za kudanganya hapo, sitaziandika, mabinti zetu wanajua Kiswahili.

Wiki ya kwanza anaweza kunenepa tumbo tu na uso, kuvimba miguu, na tumbo kumuuma maana limesahau kazi. Nesi anafuatilia, we uliza tu.

Halafu itakuja ile simu. Kwetu ilikuwa saa moja usiku, dakika kumi na tano kila mtoto. "Mama nitoe hapa. Wallahi nakuapia nikirudi nitakula. Nitakula ugali, nitakula chochote unachotaka." Analia mpaka anapaliwa. Mi nilishika funguo za gari nikafika nazo mlangoni, baba yake akazichukua hakusema kitu. Jibu la kutoa ni fupi na mlikubaliane kabisa wewe na baba, jibu moja, siyo wewe unalainika yeye anakaza: "Nakusikia mwanangu. Ni ngumu. Unabaki. Kesho nitapiga." Halafu usiingie kwenye biashara ya ahadi. Ukikata simu ndo ulie wewe. Ila tofautisha kulia kwa kutaka kutoka na malalamiko ya kweli, akisema kuna mtu kamgusa au kamfokea au kanyimwa dawa, hiyo unapiga kituoni usiku uleule unataka jibu la mkubwa wao.

Kitu kilichonisaidia nisimwone mwongo ni habari ya chuo kikuu hapahapa Minneapolis. Mwaka 1944 na 1945 Ancel Keys alichukua wanaume 36, wazima wa mwili na akili, waliojitolea badala ya kwenda vitani, akawapunguzia chakula karibu miezi sita. Wanaume hao wakaanza kulamba sahani, kukusanya vitabu vya mapishi, kukata chakula vipande vidogo, kukasirika, kujitenga, kusikia baridi kiangazi. Hawakuwa na ugonjwa wowote wa kula, walikuwa na njaa tu. Sasa binti yangu aliyekuwa anatazama video za keki mpaka saa nane usiku na hali keki, nikamwelewa. Ndo maana tharapi peke yake bila chakula haishiki, unaongea na njaa.

Kikao cha familia nenda, hata kama unaona aibu kuanikwa mbele ya mzungu wa miaka 27. Utaulizwa kwenu mlikuwa mnaongeaje kuhusu miili. Mi nikasema hatuongei. Binti akasema, "Mama, kila Jumamosi ukimpigia bibi kitu cha kwanza ni fulani kanenepa fulani kaisha." Kweli tupu.

Na mtaalamu wa lishe mpelekee vyakula vyetu, usingoje ajifunze. Wao wanahesabu kwa mafungu, wanga, protini, mafuta, matunda, maziwa. Nilimpigia picha sahani ya ugali na maharage ya nazi, chapati niliyoipika mwenyewe na kiasi cha mafuta, wali wa nazi, samaki wa kukaanga, mihogo. Tukakaa video nusu saa, chapati moja ikawa wanga na mafuta, maharage ya nazi yakawa protini na wanga na mafuta, akaandika. Mlo wa kwanza wa pamoja pale kituoni nilikuja na hotpoti. Mtoto aliangalia ile chapati dakika nne, mimi naangalia saa ya ukutani, akachana kipande akala, machozi yanamtoka anatafuna. Akamaliza. Hatukupiga makofi, tulikuwa tumeambiwa tusipige makofi, nikamwuliza tu mwalimu wake wa hesabu anaitwa nani.

Akirudi

Hapa ndo kazi yenyewe. Kituo kinamrudishia mwili na kukununulia wewe muda wa kujifunza, wengi wanateleza miezi ya kwanza nyumbani kwa sababu familia imeshapumua. Ndo maana nilikwambia uweke akiba ya zile wiki 12.

Kabla hajafika: mizani nje ya nyumba, siyo uvunguni. Karatasi ya milo kwenye friji, nani anakaa naye mlo gani, jina kwa jina, na mdogo wake asiwekwe humo. Shule waombe mpango wa 504 wa maandishi, yaani makubaliano ya jinsi watakavyomsaidia mtoto mgonjwa, chakula cha mchana akile na nesi au mshauri, apimwe uzito huko hapana, michezo asirudi mpaka dokta aseme. Apointimenti za tharapisti, lishe na dokta ziwe zimeshakamatwa tarehe kabla ya kutoka, ukisema utapiga wiki ijayo utakuta foleni ya miezi. Dawa zote nyumbani zifungwe, na namba 988 iwe kwenye simu yako na yake, akisema hataki kuishi au ukihisi tu, unapiga muda wowote, hiyo hupimi kwanza kama anatania.

Sahani unapakua wewe. Yeye haingii jikoni wakati wa kupika mwanzoni, hapimi mafuta, hajadili. Ukikaa naye usimwangalie mdomoni, ongelea mpira, ongelea majirani. Anapokwama sema "chukua kingine," basi, ukaacha. Dalili za kurudi nyuma: nguo pana ghafla, "nimekula shuleni", kuoga mara baada ya kula, kutembea chumbani usiku, vyakula kuanza kuwa haramu kimojakimoja. Ukiona mbili piga simu, usingoje ya tatu. Wangu alirudi programu ya mchana wiki tano mwezi wa nne, nilidhani dunia imeisha, haikuisha.

Watu sasa. Watakuja na sufuria, Mungu awabariki, na watasema. "Umenenepa umependeza!" kwetu ni dua, kwake ni kisu, siku hiyohiyo hatakula cha usiku. Huwezi kumzuia kila mmoja mlangoni, kwa hiyo nilituma ujumbe kwenye grupu la familia la WhatsApp siku mbili kabla, nakili ubadilishe unavyotaka:

"Asalaam alaykum. Binti yetu anarudi Ijumaa inshallah. Alikuwa anaumwa, bado anatibiwa. Naomba mkimuona msiseme chochote kuhusu mwili wake, si kukonda si kunenepa si kupendeza. Msimwambie kula wala kwa nini huli, hiyo niachieni mimi. Muulizeni habari za shule, za mpira, au muongee yenu. Bibi, ukipiga simu usimuulize kala nini. Nawapenda."

Kimya nusu saa, tiki za bluu zote. Halafu shangazi yake wa Columbus akaandika: "Sawa wifi. Lakini biriani nije nalo?"

Nikamjibu njoo nalo, saa kumi na mbili jioni, sahani nitapakua mimi.